Jinsi ya kukagua pikipiki ya zamani ya Triumph au BSA kabla hujatoa hela (na kusoma kwenye chuma chenyewe jinsi viwanda vya Waingereza vilivyokufa)

Wakuu, wiki mbili zilizopita mpwa wangu alinipigia simu kutoka Coventry, "Mjomba nimeipata, Triumph Bonneville ya 1971, jamaa anasema injini na fremu ni zilezile za kiwandani, nataka nimtumie advansi leo." Nikamwambia usitume hata senti, tulia, Jumamosi nakuja. Maana mimi ya kwanza niliyonunua huku Birmingham nilipigwa vibaya, nililipia tanki zuri na kromu inayong'aa, kumbe ndani ya injini mlikuwa na vyuma vya pikipiki tatu tofauti.

Kwa hiyo naandika haya kwa yeyote mwenye ugonjwa wa hizi pikipiki za Kiingereza. Na hata kama hununui, ukipata nafasi ya kwenda ile National Motorcycle Museum pale Solihull utaziangalia kwa jicho lingine. Watu wengi ukiwauliza BSA na Triumph zilikufaje watakujibu neno moja, Wajapani. Ila mimi nimezifungua injini hizi nyingi tu na nakwambia ugonjwa ulikuwamo ndani siku nyingi, Mjapani alikuta mgonjwa kitandani.

Kabla hujatoka nyumbani mpigie muuzaji, mwambie asiiwashe mpaka ufike. Ukifika weka kiganja kwenye silinda, ikiwa ya moto ujue kuna jambo anaficha, labda haiwaki ikiwa baridi, na wewe utakuwa unaiwasha asubuhi yenye baridi ya huku sio saa saba mchana ikiwa imeshapashwa. Beba tochi, tambara jeupe, kioo kidogo, na kalamu ya kuandikia namba.

Tuanze na namba, hapa ndipo wengi wanaliwa. Kwenye Triumph namba ya injini imegongwa upande wa kushoto, chini kidogo ya pale silinda inapokaa, na ya fremu ipo kushoto pia pale shingoni nyuma ya taa. Kuanzia 1969 kundi zima la BSA na Triumph walitumia herufi mbili mwanzoni mwa namba, ya kwanza mwezi, ya pili mwaka. Miezi inakwenda A, B, C, D, E, G, H, J, K, N, P, X, yaani Januari mpaka Desemba, waliruka herufi zinazochanganya macho. Miaka inaanzia C ambayo ni 1969, D 1970, E 1971, G 1972, H 1973, J 1974, K 1975 na kuendelea. Angalizo, huo ni mwaka wa msimu sio wa kalenda, msimu mpya ulianza baada ya likizo za kiangazi, kwa hiyo PE ni Novemba 1970, pikipiki ya msimu wa 1971.

Sasa mulika tochi kwa ubavu pale palipogongwa namba ya injini. Kuanzia kipindi hicho chuma cha pale kilipigwa chapa ndogondogo za jina la Triumph kwanza, halafu namba ikagongwa juu yake, kusudi mtu akikwangua ionekane. Ukikuta pako laini kama kioo, funga begi nenda nyumbani.

Ya mpwa wangu fremu ilisoma HE, Julai 1971, sawa. Injini ikasoma DG. Aprili 1972. Muuzaji, mzee mpole tu, alishangaa kuliko sisi, nafikiri hata yeye alipigwa zamani. Sio dhambi, injini ya 1972 inakaa vizuri kwenye fremu ya 1971, ila bei ya "zilezile za kiwandani" inakufa palepale.

Na kwa kuwa ni ya 1971 nikamwonyesha dogo kitu kingine. Mwaka huo walileta fremu mpya ambayo bomba lake nene la kati ndilo tanki la oili. Wazo sio baya. Ila michoro ilitoka kwenye kituo cha utafiti cha kundi pale Umberslade Hall, jumba la kifahari, na ilichelewa miezi, wafanyakazi wa Triumph kule Meriden wakakaa hawana cha kuunda wakati msimu wa kuuza Marekani unawapita. Fremu ilipofika ndipo wakagundua injini yao wenyewe haiingii mpaka ufungue vifuniko vya juu vya valvu kwanza, ikabidi warekebishe. Na siti ilikuwa juu mno, mimi sio mfupi sana lakini nikiikalia hiyo nasimama kwa vidole kama mtoto anayechungulia dirishani. Kwa hiyo ukiwa unakagua ya 1971 ikalie kwanza, miguu yote miwili chini, halafu ndio tuongee.

Ukikutana na yenye herufi ya pili H au J, hiyo nayo ina hadithi. Septemba 1973 bosi wa kampuni mpya ya Norton Villiers Triumph, Dennis Poore, aliwatangazia watu wa Meriden kwamba kiwanda kinafungwa na kazi inahamia Small Heath, Birmingham, kwenye kiwanda cha BSA. Wafanyakazi wakafunga geti wao, pikipiki zilizokwisha zikabaki ndani, na mgomo ule ukaenda mpaka Machi 1975 serikali ya Labour, waziri akiwa Tony Benn, ilipowapa mkopo na ruzuku karibu pauni milioni 5 wakaanza ushirika wao. Uliza basi pikipiki ya kipindi hicho ilisajiliwa lini mara ya kwanza, usishangae tarehe ikiwa mbali na herufi, nyingine zilikaa ndani ya geti muda mrefu kabla hazijaona barabara.

Haya, spana. Ukifika na spana zako za milimita utachekwa. Hizi zinatumia spana za Whitworth, na kichekesho ni kwamba namba iliyoandikwa kwenye spana inatokana na unene wa bolti, sio upana wa kichwa chake, kwa hiyo spana iliyoandikwa robo inchi mdomo wake ni mkubwa zaidi ya nusu inchi, utahangaika wiki ya kwanza mpaka ukome. Halafu kuna nyuzi za bolti za aina ya baiskeli, nyuzi laini za zamani walizorithi toka enzi BSA wanatengeneza baiskeli, na kuanzia katikati ya miaka ya 60 wakaanza kuhamia kidogokidogo kwenye nyuzi za Kimarekani za UNF, lakini kidogokidogo kweli, unakuta pikipiki moja ina mifumo mitatu. Cha kukagua ni vichwa vya bolti, vikiwa vimekuwa duara ujue kuna mtu amepita na spana isiyo yake, na mtu wa hivyo ndani alifanya nini Mungu ndiye anajua.

Injini sasa, na hapa tukae kidogo.

Piga magoti, futa kasha la injini kwa lile tambara jeupe, halafu tafuta mstari wa muungano. Utauona unashuka toka juu mpaka chini kabisa, kasha limekatwa wima, nusu kushoto nusu kulia, kama papai. Muungano huo unapita chini mahali palepale oili inapotulia, na ukiwa na mashine za kukatia zilizochoka, itatoka tu. Honda wao kwenye CB750, pikipiki yao kubwa ya 1969, walilikata kasha kwa ulalo, nusu ya juu nusu ya chini, na mashine mpya za kulikata, injini ikawa kavu. Ndio maana mafundi wazee wa huku wana utani kwamba Triumph isiyovuja imeishiwa oili. Wewe usitafute isiyovuja. Tafuta inavujia wapi. Unyevu kwenye bomba za pushrodi (fito zinazosukuma valvu) mbele na nyuma ya silinda ni kawaida, raba za bei nafuu. Ikitoka kwenye muungano wa silinda na hedi hapo kuna kazi. Ukiona alama ya kuchomelea kwenye kasha lenyewe, mara nyingi konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na krenki, ilishawahi kukatika ikatoboa kasha.

Sasa iwashe. Shika klachi kwanza upige kiki mara mbili tatu bila suichi, maana sahani za klachi zinagandana zikikaa, usipofanya hivyo gia ya kwanza itaruka kama mbuzi aliyekatwa kamba. Fungua petroli. Kwenye kabureta ya Amal kuna kitufe kidogo, kibonyeze na ukishikilie mpaka petroli ianze kutiririka kwenye kidole, ndio, kwenye kidole, utanuka petroli siku nzima na hakuna njia nyingine. Bonneville ina kabureta mbili, bonyeza zote. Halafu suichi, halafu kiki moja ya mguu mzima sio ya kugusagusa.

Ikiwaka tu usiongeze moto, fungua kifuniko cha oili umulike tochi ndani. Ndani ya dakika moja unatakiwa uone oili inarudi kwa kumwagika yenye mapovu, ikitoka kwenye bomba la kurudishia. Usipoiona zima haraka. Na moshi wa bluu mwanzoni usikutishe sana, oili ina tabia ya kushuka yenyewe toka kwenye tanki kuingia chini ya injini pikipiki ikikaa wiki kadhaa, ukiwasha inaungua. Ila moshi ukiendelea dakika tano bado unatoka, hapo ni ringi za pistoni au gaidi za valvu, vile vijibomba ambamo valvu inateleza.

Sasa panda, ongeza moto mpaka mizunguko kama 4,000 hivi, sikiliza mikono. Itakuwasha, vidole vitakuwa kama umeshika mashine ya kunyolea. Hiyo ndio sahihi ya mzee Edward Turner, mbunifu wa Triumph. Mwaka 1937 alitoa Speed Twin ya cc 500, silinda mbili zimesimama pamoja, pistoni zote zinapanda pamoja na kushuka pamoja, na kwa wakati ule ilikuwa ajabu, nyepesi, nzuri, kila mtu akaiga, BSA, Norton, Ariel, wote. Shida ni kwamba waliing'ang'ania. Ikatanuliwa ikawa 650 mwishoni mwa miaka ya 40, ikaja Bonneville mwaka 1959, ikaja 750 miaka ya 70, na kila ukiongeza pistoni zinakuwa nzito na mtetemo unapanda, mpaka kiwanda kinafungwa mwaka 1983 bado walikuwa wanauza mjukuu wa injini ya 1937. Kwa hiyo kagua nyufa zinazoletwa na mtetemo, vishikio vya madigadi, chini ya tanki, stendi ya namba, mabomba ya eksozi. Pitisha ukucha, jicho linadanganya.

Swali moja la kumuuliza muuzaji ambalo litakuonyesha kama ni mtu wa pikipiki au dalali: mtego wa tope umesafishwa lini? Ndani ya krenki ya hizi injini kuna kijibomba ambacho oili inapita ikizungushwa kwa kasi, uchafu unarushwa pembeni unagandia humo, kwa sababu filta ya maana hawakuweka, kuna nyavu tu. Kikijaa, oili haifiki kwenye konrodi. Mimi nimekitoa kimoja kikiwa na uchafu mgumu mweusi kama masizi ya sufuria yaliyokandamizwa, nilikuwa naukata kwa bisibisi. Na kukisafisha lazima ufungue injini yote. Akikujibu "mtego gani?" punguza bei.

BSA za A65 zina ugonjwa wao mwingine, upande wa kulia krenki imekaa kwenye bushi badala ya beringi, na oili ya konrodi inapitia kwenye bushi hiyohiyo, bushi ikilika, oili inavujia hapo kabla haijafika inakotakiwa, konrodi inakauka, inakatika. Waliomaliza hilo tatizo waliweka beringi, muulize na akuonyeshe risiti. Norton Commando, hasa za 1972 zenye injini iitwayo Combat, beringi kubwa za krenki zilikuwa zinasagika mapema mno, kiwanda kikaleta beringi imara zaidi baadaye, hakikisha zimebadilishwa. Commando kwa mtetemo walijaribu, injini ikaning'inizwa kwenye raba toka 1967, na inafanya kazi kweli, ila raba zikiwa na chezacheza pikipiki inayumba kwenye kona.

Umeme nitasema machache. Lucas, kampuni iliyotengeneza vifaa vya umeme vya pikipiki hizi, jamaa wa huku wanamwita Mfalme wa Giza, na sehemu kubwa ya shida leo ni waya zilizooza na mafundi wa jikoni. Ila shika hili moja: kwenye hizi pikipiki ni chanya ya betri ndiyo inayokwenda kwenye fremu, sio hasi. Ukiunga betri kwa mazoea ya boda au ya gari lako utaunguza vitu kabla hata hujageuza suichi.

Nimesema Mjapani alikuta mgonjwa, ngoja nieleze maana dogo aliniuliza tukiwa bado tumepiga magoti pale, "Sasa Mjomba hawakuona wanakuja?" Waliona. Honda walifika kwenye mbio za pikipiki za Isle of Man mwaka 1959, mtu wao Naomi Taniguchi akamaliza wa 6 kwenye cc 125, mwaka 1961 Mike Hailwood akawashindia daraja la 125 na la 250 yote mawili. Turner mwenyewe alikwenda Japani mwaka 1960 akatembezwa viwandani, akarudi na ripoti kwamba wanaunda kwa wingi na kwa mashine ambazo huku hawana. Ila fikra ya wakubwa ilikuwa acha Wajapani wauze hivyo vidogo, vijana watajifunzia humo, wakikua watanunua kubwa zetu. Basi wakaachia vidogo. BSA Bantam, pikipiki ndogo iliyowafundisha Waingereza wengi kuendesha, ambayo yenyewe ilitokana na DKW ya Mjerumani waliyoipata kama fidia ya vita, waliacha kuiunda mwaka 1971 huku Honda anauza Super Cub dunia nzima.

Halafu 1969 ikaja CB750. Weka kando picha za mashabiki, kagua kama unavyokagua sasa hivi. BSA Rocket 3 na Triumph Trident, silinda tatu, zilitoka mwaka mmoja tu kabla, na mfano wake wa kwanza ulikuwa tayari tangu 1965, wakachelewa wakibishana na kuipamba. Zikatoka na kiki ya mguu, gia nne, breki ya dramu mbele. Honda wakaja na silinda nne, stata ya kitufe, gia tano, breki ya diski mbele, kule Marekani kwa dola 1,495. Mnunuzi wa California ana haja gani ya kunuka petroli kidoleni?

Na hapo hapo kuna kitu kinanichekesha mimi mtoto wa Tanzania. Honda walipotaka pikipiki ya nchi kama zetu, ambako mwenye mali anasahau oili na vumbi halina huruma, miaka ya katikati ya 70 walitoa CG125, na ndani yake waliweka pushrodi, teknolojia ileile ambayo watu waliicheka kwa Waingereza, kwa sababu inavumilia. Zile za Kichina nyingi zinazobeba abiria na magunia ya mkaa kwetu ni ndugu za injini hiyo. Fundi wa boda wa Mbagala ukimpa Bonneville kwenye valvu hatapotea hata kidogo. Atapotea kwenye spana.

Turudi kwenye ununuzi. Spea usiogope, zipo nyingi kuliko za pikipiki nyingi za Kijapani za umri huo, kuna karakana ndogondogo huku zinatengeneza mpaka leo kila raba na kila bushi. Ogopa mambo matatu tu, kasha lililochomelewa, namba iliyokwanguliwa, na pikipiki "iliyokarabatiwa" ambayo muuzaji hana hata risiti moja. Rangi mpya juu ya injini isiyofunguliwa ni vipodozi. Na mtu akikuonyesha Triumph ya kisasa akakwambia ni ileile, ya kisasa ni ya kampuni iliyopo Hinckley, jina lilinunuliwa mwaka 1983 na tajiri wa ujenzi anaitwa John Bloor akaanza upya kabisa, spea haziingiliani. Kiwanda cha Meriden chenyewe kilivunjwa, pale pana nyumba za watu na kabarabara kanaitwa Bonneville Close.

Sisi tulishusha bei. Nilimwandikia yule mzee kwenye karatasi: injini sio yake, mtego haujulikani, bomba la pushrodi linavuja, tairi la nyuma limepasuka ubavuni. Akaisoma, akakuna kichwa, akasema chukueni. Dogo akataka kuiendesha mpaka Birmingham palepale, nikamkatalia, tukaipakia kwenye vani, na wewe fanya hivyohivyo. Ukiifikisha nyumbani fungua nati ya chini ya injini kwanza umwage iliyojikusanya humo, weka oili mpya, na usiiendeshe mbali mpaka ule mtego utoke.

Wa kwetu bado haujatoka. Injini ipo mezani, kasha tumeshaligawa, nati inayofunga kile kijibomba imegoma tangu juzi, imegongwa nukta ili isilegee na aliyeigonga alidhamiria. Jana tumetoboa ile nukta kwa drili, kesho tunaipasha moto tena, dogo analeta bisibisi kubwa ya kugonga na nyundo.